Atakayeliwasha Ni Lake

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kuposa, ni zamani ya juzi tu, wanaume wawili walikuwa wameshika ufunguo mmoja katika uwanja wa Mzee Gwakisa. Huyu anauvutia huku, yule anauvutia kule. Nyuma yao pikapu ya kijani ilikuwa inanguruma peke yake, haina mtu ndani, inatoa moshi na manyoya ya kuku.

"Milioni mbili na laki nne!" alifoka Lwitiko. "Milioni mbili na laki nne nimwachie mtu wa kuchokonoa redio? Thubutu!"

"Achia, kijana. Ufunguo ni wangu. Nimeununua kwa hela yangu."

"Umenunua ufunguo, Fundi. Hukununua gari."

"Na wewe umenunua nini? Sema hapa watu wasikie. Umenunua nini?"

"Kimya!" alipiga kelele Mzee Gwakisa. "Kimya nyote!"

Hakuna aliyenyamaza. Hata pikapu haikunyamaza.

Ndipo ukuta wa jikoni ukasema. Ilikuwa sauti ya mwanamke, haina haraka: "Mama, naomba umwambie Baba kwamba hao wawili wanagombania kitu cha mtu wa tatu."

Mzee Gwakisa akajishika kichwa. Asubuhi alikuwa na gari bovu na akili timamu. Sasa alikuwa na gari zima, na akili ndiyo haiwaki.

Ngojeni niwaeleze ilivyoanza. Na wewe uliyeanza kutikisa kichwa hapo mbele, ngoja kwanza.

Mzee Gwakisa alikuwa seremala, na useremala hakufundishwa na mtu. Gari nalo hakufundishwa na mtu. Alilinunua likiwa limeshazeeka, akalifungua, akaangalia, akalifunga, likawaka. Huo ndio ulikuwa ufundi wake wote kwa miaka ishirini na sita. Mafundi wa gereji aliwaita wezi wa mchana na hakuruhusu hata mmoja aegemee boneti yake. Nyumba ilipovunjika, alichukua kitu kwenye gari. Gari lilipoharibika, alichukua kitu kwenye nyumba. Bawaba za geti lake zilikuwa springi za pikapu. Dirisha la jikoni lilikuwa kioo cha mbele cha zamani, chenye ufa kama mto kwenye ramani. Paa lilipovuja aliliziba kwa mpira wa tairi. Na pikapu nayo iliwashwa kwa swichi ya taa, ile ya ukutani kabisa, ameipigilia chini ya dashibodi. Ukibonyeza chini, linawaka. Ukibonyeza juu, linazima. Mpini wa gia ulikuwa mguu wa stuli.

Kitu kingine mkijue. Mzee Gwakisa alikuwa na hasira za haraka, lakini neno lake lilikuwa halina kona. Aliwahi kusema mbele ya watu kwamba akikosea kipimo cha mlango wa zahanati, atautengeneza upya bure. Akakosea upana wa kidole kimoja. Hakuna aliyeona. Akaung'oa mwenyewe, akautengeneza upya bure. Ndiyo maana hata waliomchukia walimwachia fedha zao za kuweka.

Kisha macho yake yakaingia ukungu. Na katika mwaka huohuo wa ukungu, asubuhi moja akitaka kwenda mnadani, alibonyeza swichi, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Akapapasa plagi, akapapasa koili, akabadilisha kila kilichofikiwa na mkono wake. Chini kwenye betri mgongo haukukubali kufika. Fundi hakumwita. "Limechoka," alisema. "Liacheni lipumzike." Likapumzika miaka miwili. Kuku wa mkewe wakahamia ndani, wakataga kwenye kiti cha dereva.

Sasa, Jumapili moja nje ya kanisa, Bwana Kyejo, mnunuzi wa ndizi kutoka mjini, alimwambia, "Mzee, pikapu yako ile ikiwaka, nakupa milioni mbili na laki nne mkononi. Isipowaka, hata elfu kumi sitoi."

Mtu mmoja akadakia: "Bwana Kyejo, unanunua gari au unanunua mayai?"

Watu wakacheka. Walicheka kwa muda mrefu, na wa mwisho kunyamaza alikuwa mwenyekiti wa kwaya. Mzee Gwakisa akasimama juu ya ngazi ya kanisa.

"Bwana Kyejo, njoo Jumamosi na hela zako. Na ninyi mnaocheka, sikieni. Atakayeliwasha gari lile, ni lake. Aliuze, alipande, alichomee nyama, shauri yake. Mtu mmoja! Sikusema kamati. Mmenisikia?"

"Tumekusikia!"

Nyumbani mkewe Nsekela, ambaye watu walimwita Mama Ipyana kwa jina la mwanawe, alimuuliza, "Umegawa gari?"

"Nimegawa bovu."

"Na vyote vilivyomo ndani yake ni vyako?"

Mzee Gwakisa hakulielewa swali hilo. Akala viazi vyake, akalala.

Basi, Jumamosi ikafika, na mvua ikakatika, na gari likawaka. Bwana Kyejo alikuwa amekaa kwenye gogo la kupasulia kuni, mkoba mapajani. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua wa michongoma. Na hakuna aliyethubutu kuizima injini, maana nani angejua kama itawaka tena?

Mzee Gwakisa alijitosa katikati ya wale wawili, akaupokonya ufunguo. Ndiyo, ulitoka, na injini ikaendelea. Badala ya ile ya ukutani sasa kulikuwa na swichi ya gari, ya mtumba. Ufunguo wake unachomoka huku gari linanguruma.

"Mmoja mmoja," alisema. "Atakayemkatiza mwenzake nitampiga na spana. Lwitiko, anza."

Lwitiko alikuwa mtoto wa dada yake, mwendesha bodaboda, mtu wa koti la ngozi hata kwenye jua.

"Mjomba, mimi sina maneno mengi," alisema, akawa nayo. "Nimefika saa tatu. Nimewafukuza kuku. Jogoo wako amenidonoa hapa, tazama. Nimezungusha ufunguo niliokuta humo, kimya. Nimefungua boneti. Naona betri nzima, lakini upande mmoja umefungwa waya, upande wa pili uko uchi kama mtoto anayeogeshwa. Betri lazima ishike chesisi, ule mwili wa chuma, Mjomba, hata pikipiki inajua. Nikatazama huku, nikatazama huku, nikaona waya. Nikaukunja, nikafunga, nikazungusha. Likanguruma! Wewe mwenyewe uliruka kwenye kiti ukamwaga chai. Jumapili ulisema nini? Atakayeliwasha. Hukusema atakayelisafisha. Hukusema atakayelihurumia. Nani kaliwasha?"

"Wewe," alisema Mzee Gwakisa.

"Imechukua muda gani?"

"Chai ilikuwa bado ya moto."

"Basi, Mjomba."

Neno ni neno. Mzee Gwakisa akanyoosha mkono wenye ufunguo.

"Mzee, mkono huo urudishe kwanza," alisema Anyosisye.

Anyosisye alikuwa jirani wa upande wa chini, fundi wa redio, mwembamba, na mfukoni mwa shati lake hamkukosekana bisibisi tatu. Alikuwa ameshika mita yake ya kupimia umeme, ameikumbatia kifuani.

"Alhamisi ulikuwa kwenye kikao cha maji," alisema. "Nikaingia hapa."

"Uliingia kwangu kama mwizi?"

"Ungenifukuza! Mwaka jana niliegemea boneti hii ukanitupia msasa. Nikaingia kama mwizi, ndiyo, lakini mwizi gani anayeacha vitu? Platini zilikuwa zimeliwa na kutu, hazitoi cheche hata ya kuwashia sigara. Nikazisugua, nikazipima kwa karatasi ya kiberiti. Betri yako ilikufa zamani, hata maji haina. Nikaweka yangu. Ile ya kibandani kwangu, Mzee, ya kuchajia simu za watu. Tangu Alhamisi kibanda kimefungwa. Na swichi ile nikaitoa, nikanunua ya gari, na ufunguo wake ndio huo umeushika."

"Umetoa swichi yangu?"

"Gari si chumba cha kulala, Mzee."

"Umeiweka wapi?"

"Nimeitupa."

Mzee Gwakisa aliinua spana. Bwana Kyejo akakohoa. Spana ikashuka.

"Ulipomaliza, uliwasha?"

"Nilizungusha."

"Sikukuuliza hilo. Uliwasha?"

Anyosisye akaishusha mita. "Halikuwaka. Nilifunga waya mmoja uliokuwepo, haraka haraka kabla hujarudi, sikuona kwa nini. Nikasema nitarudi leo na mita nipime. Nimerudi na mita, nakuta huyu wa koti anapigiwa makofi. Mzee, wewe ni mtu wa haki. Mimi sikuliwasha. Lakini ng'oa vyangu sasa hivi, betri, platini nilizosugua, swichi, halafu huyu azungushe anachotaka. Azungushe sikio lake. Litawaka?"

"Halitawaka," alisema Mzee Gwakisa.

"Basi mwenye moto ni nani?"

Mzee Gwakisa akauelekeza ufunguo kwa Anyosisye. Lwitiko akapiga kelele. Watu wa kwenye ua wakapiga kelele, nusu huku, nusu kule. Na gari likanguruma, likinywa petroli. Mzee akasimama na ufunguo hewani, hajui mkono uende wapi. Macho yake yalimwonyesha vivuli viwili tu vya watu, kimoja kinene kwa sababu ya koti, kimoja chembamba, na vyote viwili vilikuwa na haki.

"Petroli hiyo inayonguruma," ulisema ukuta wa jikoni, "Mama, waulize imefikaje kwenye injini."

Sauti hiyo ilikuwa ya Tumpe, mke wa Ipyana, mtoto wa Mzee Gwakisa aliye machimboni. Na hapa lazima niseme desturi, maana vijana wa siku hizi mnakula sahani moja na baba wakwe zenu. Katika milima ile, enzi hizo, mke wa mtoto hakukutana na baba mkwe. Hakumtazama usoni. Hakupita njia anayopita yeye, na kiti anachokalia hakukigusa. Akimsikia anakohoa, anaingia migombani mpaka apite. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Tumpe alikuwa ameishi uwanja ule miaka tisa na alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi na kwa nyayo.

Nsekela alikuwa ameinama karibu na mlango wa jikoni, anaokota kanga na mashuka kwenye tope. Hakuinua kichwa. "Mwanao anauliza petroli imefikaje," alisema.

"Nimesikia."

"Hujasikia mpaka nikuambie. Haya, Tumpe, sema."

"Mama, mwambie Baba, Jumatatu alipokwenda kliniki ya macho, nilitandika magunia nikaingia chini ya gari. Bomba la petroli lilikuwa limeoza, ukiligusa linabaki unga mkononi. Tangi lilikuwa na maji na mende. Nikamwaga, nikasuuza, nikatia lita tatu. Bomba nikalitoa lote, nikaweka mpira, kutoka tangini mpaka kwenye pampu, nikaubana kwa waya."

"Mpira gani?" aliuliza Mzee Gwakisa.

"Wa pampu ya dawa ya kahawa."

Mzee Gwakisa akafumba macho. Jumanne alikuwa amekwenda dukani kumtukana muuza dawa kwamba amemuuzia pampu isiyo na mpira. Alimwita mwizi mbele ya wateja.

Lwitiko akacheka. "Shemeji, mimi nakuheshimu. Lakini kama tangu Jumatatu wewe ndiye fundi, kwa nini hukuliwasha?"

Hapo uwanja mzima ukanyamaza, hata wale wa kwenye ua. Lwitiko mwenyewe akajua ameuliza ujinga, akashika kola ya koti.

"Mama, mwambie Shemeji," ulisema ukuta. "Kiti ni cha Baba."

Watu wakageuka kukitazama kile kiti chenye manyoya ya kuku.

"Swichi iko mbele ya kiti," iliendelea sauti. "Nilifanya yote yanayofanyika kutoka chini. Ningekuwa mtoto wa kuzaliwa hapa ningepanda. Jumatatu kulikuwa na swichi ya ukutani, naijua, ukibonyeza chini linawaka. Nililala pale chini, naiona kupitia tundu la sakafu. Ningeweza kuifikia kwa fimbo. Sikuigusa."

"Na ungeigusa lisingewaka!" alisema Anyosisye. "Platini zilikuwa zimekufa!"

"Fundi, na zako zingewasha nini bila petroli?"

Anyosisye akairudisha mita kifuani.

Mzee Gwakisa alisahau. Nawaambia alisahau miaka tisa yote ya adabu, akaugeukia ukuta moja kwa moja na kuuliza, "Umejifunza wapi kazi hii?"

Watu wakashika midomo. Ukuta ukasema, taratibu, "Mama, mwambie Baba nimejifunza kwake. Akiwa chini ya gari huongea peke yake. 'Wewe petroli unatoka hapa, unapita hapa, mbwa wewe, unaingia hapa.' Kila kitu hukitukana kwa jina lake. Mimi niko migombani nangoja apite, nasikiliza. Bati la stoo nimeziba mimi. Bomba la uani nimekaza mimi. Yeye hudhani ni Ipyana alipokuja likizo."

Mzee Gwakisa alidhani hivyo kweli. Alikuwa amemsifu Ipyana kwa bati lile mbele ya kanisa zima. Akatazama upande wa jikoni, akaona kile kioo chake cha gari, na ufa, na nyuma ya ufa kivuli kikijisogeza ili kisionekane. Ufunguo ulikuwa mzito mkononi. Aliyewasha, hakutengeneza. Aliyetengeneza umeme, hakuwasha. Aliyetengeneza petroli asingewasha hata kama angeweza, na kilichomzuia ni heshima kwake yeye Gwakisa. Je, mtu apoteze gari kwa sababu amekuheshimu? Lakini neno lilikuwa kuwasha. Alilisema mwenyewe, juu ya ngazi, kwa sauti.

"Nsekela," alisema kwa uchovu, "wewe unaonaje?"

"Mimi naona shuka langu lina tope," alisema mkewe. "Huyu mpwa wako amelitupa na kanga mbili na gauni la kanisani."

"Umetupa nguo za mke wangu?"

"Si nilihitaji waya, Mjomba? Nguo zilikuwa juu yake. Gari na shuka, kipi kikubwa?"

Mzee Gwakisa akageuka polepole. "Waya gani?"

"Huo wa kuanikia. Uko pale kwenye betri. Tena umekaa vizuri sana, kama umezaliwa pale. Hata alama za mikunjo unazo, nimeukunja palepale palipokunjwa."

Hapo, jamani, Mzee Gwakisa alitembea. Alitembea mpaka kwenye pikapu, akapiga magoti kwenye tope, magoti yakalia, akaingiza mkono chini kabisa karibu na betri, kule ambako mgongo ulikuwa umekataa kwa miaka miwili. Akaushika ule waya. Nyuzi nyingi za shaba, zimesukwa, zimekunjwa mara sita. Vidole vyake viliujua kabla yeye hajaujua. Aliufunga yeye, kwa mikono hiyohiyo, miaka kumi na mitatu iliyopita.

"Huu ni waya wa gari," alisema.

"Ni waya wangu," alisema Nsekela.

"Huu ndio uliokuwa hapa!"

"Na kabla ya kuwa hapo ulikuwa wapi?"

Mzee Gwakisa akakumbuka.

"Niliununua mnadani kwa magimbi yangu," alisema Nsekela, akiwageukia watu. "Nikafunga kamba ya nguo, toka mhimili mpaka mhimili. Wiki moja tu. Nikatoka mtoni, sikuti waya, nakuta gari linanguruma na mwenye gari anapiga mluzi. Miaka kumi na mmoja nimeanika nguo kwenye michongoma. Kila gauni langu lina matundu. Mlidhani ni umaskini, kumbe ilikuwa ni waya."

"Niliazima," alisema Mzee Gwakisa.

"Uliniambia?"

Mtu wa neno lisilo na kona akatazama tope.

"Na mwaka juzi ukauchukua," alisema kwa sauti ndogo.

"Nikauchukua. Ukapita chini yake kila asubuhi miaka miwili, kanga mbichi zinakupiga usoni, unatukana, unafuta uso, unakwenda kushangaa gari limekufa kwa nini."

Watu wa kwenye ua walitaka kucheka, wakashindwa wacheke upande gani.

"Nsekela. Ulijua kwamba ndio uliolizima?"

"Nilijua, na sikujua." Akakamua kona ya shuka. "Unakumbuka siku jeki ilipoteleza? Ulitoka chini sikio linavuja damu, unacheka. Wewe ulicheka. Mimi sikucheka. Kesho yake nikaenda kuchukua waya wangu. Ukitaka sababu, sababu ni hiyo. Hutaki, basi nilikuwa na nguo za kuanika."

"Kwa hiyo gari halikuwa bovu?" aliuliza Bwana Kyejo kutoka kwenye gogo. Na yeye alikuwa ameanza kupotea.

"Siku ile halikuwa bovu," alisema Anyosisye akihesabu kwa bisibisi. "Lilikosa waya tu. Lakini kwa kusimama miaka miwili, platini zikaliwa."

"Na bomba likaoza," ulisema ukuta.

"Basi aliyeliua ndiye anayelidai?" alisema Lwitiko. "Mama Ipyana, yaani wewe uliua, halafu unataka urithi?"

"Mimi sijadai gari," alisema Nsekela. "Mmenisikia nadai gari? Nasema hivi tu: wewe umeliwasha kwa waya wa nani?"

Lwitiko akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Wagawane!" mtu alipiga kelele kutoka kwenye ua. "Laki sita kila mmoja, tukale!"

"Sitaki kusikia!" Mzee Gwakisa aliinuka kwenye magoti, tope mpaka mapajani. "Nilisema mtu mmoja. Mlisikia mtu mmoja. Nikianza leo kulikata neno langu vipande vinne, kesho mtanunua kwangu meza mjue ina miguu mingapi? Mmoja!"

Akamwendea Lwitiko na ufunguo, maana ndiye aliyewasha. Akasimama. Akamwendea Anyosisye, maana ufunguo wenyewe ni wa Anyosisye. Akasimama. Akaukaribia ukuta wa jikoni kwa hatua tatu, akakohoa kwa heshima, akasikia nyayo nyepesi zikirudi nyuma ili asionekane mtu. Akasimama. Akamtazama mkewe. Na hapo ndipo aliposimama kwa muda mrefu kuliko kote.

Nsekela hakumngoja. Aliweka shuka begani, akaenda kwenye pikapu, akainama bila tabu, akafungua waya upande wa betri, akafungua upande wa chesisi.

Gari likakata.

Kimya kile, ndugu zangu! Mlio uliokuwa umejaza masikio ya watu asubuhi nzima ulikatika mara moja, akasikika jogoo akirudi ndani ya gari kwa dirisha, akitafuta kiti chake.

Nsekela akaukunjua waya, mkunjo kwa mkunjo. Akafunga ncha moja kwenye mhimili, akavuta, akafunga ya pili. Akatundika shuka lenye tope, akarudi kuchukua kanga.

"Mvua itarudi saa kumi," alisema. "Ninyi malizeni yenu."

"Mzee," alisema Bwana Kyejo akisimama na mkoba wake, "sasa mimi namlipa nani? Na kwa gari lipi? Nilisema likiwaka. Liliwaka, nimelisikia. Sasa haliwaki, nalo nimelisikia. Nakungoja mpaka saa kumi hiyohiyo ya mvua."

Mzee Gwakisa akawageukia majirani kwenye ua, huku shuka la mkewe likimdondoshea maji begani.

"Ninyi," alisema. "Jumapili mlicheka wote. Mkasema mmenisikia wote. Mnanidai neno langu, sawa, nitalilipa leo, mtu mmoja, kama nilivyosema. Lakini mimi macho yangu yana ukungu, na sasa kichwa nacho kimeingia ukungu. Ninyi mna macho, na mmesikia kila kitu. Mimi mnanidai gari, na mimi nawadai jina. Nitajieni jina."

Wakatazamana. Mmoja akakumbuka ameacha maziwa jikoni. Wa pili akakumbuka mbuzi. Mwenyekiti wa kwaya, aliyecheka kuliko wote, alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Michongoma ikabaki mitupu, na mzee akabaki na ufunguo ambao si wake, wa gari ambalo hajui ni la nani, akisubiri saa kumi.

Hakuna aliyemjibu mpaka leo. Kwa hiyo deni limeshuka kwenu mliokaa hapa.

Je, nani alistahili ufunguo ule? Ni Lwitiko, aliyefanya lile neno lenyewe kabla chai haijapoa? Ni Anyosisye, aliyefunga kibanda chake ili gari la mtu lipate moto? Ni Tumpe, ambaye fimbo ingetosha lakini heshima ikamshika? Au ni Mama Ipyana, aliyelizima kwa kuchukua kilicho chake, na likawaka kwa kunyang'anywa kilicho chake?

Msiniambie wagawane. Nataka jina moja. Nawadai, lileteni.